Changu wa Msimu wa Kusi: Riziki, Subira na Amana

Kuanzia Juni hadi Agosti pwani yetu ya Afrika Mashariki huwa katika kipupwe. Upepo wa kusi, ulioanza kujikaza tangu masika, huvuma kutoka kusini-mashariki na kuifanya bahari ya nje kuwa nyeupe kwa mawimbi. Maji nayo hupoa: bahari ambayo mwezi Machi hufikia nyuzijoto 29 na zaidi za sentigredi, hushuka hadi karibu 25. Vyombo vingi hubaki vimefungwa ufukweni, samaki huadimika sokoni na bei yake hupanda.

Sisi tunaohudumu katika kamati za misikiti ya pwani huijua miezi hii kwa dalili mbili. Ya kwanza ni kwamba safu za sala ya alfajiri huongezeka, kwani wavuvi ambao wakati mwingine wangekuwa majini saa hiyo huwa pamoja nasi. Ya pili ni madeni. Mama wa nyumba hukopa unga na sukari mpaka ukurasa wake katika daftari la duka hujaa. Ndipo baba anapoitazama ngalawa yake, akautazama upepo, akapima baina ya mahitaji ya watoto na usalama wa nafsi yake. Mizani hiyo ndiyo iliyotusukuma kuandika haya.

Anapopatikana changu

Changu ni jina ambalo watu wa pwani huwaita samaki wengi wa jamii zinazokaribiana. Yumo changu doa, mwenye alama nyeusi ubavuni, na wamo wale wekundu wakubwa wa vilindini. Ni samaki wa miamba. Chakula chao ni kaa, kamba, ngisi na samaki wadogo, na wengi wao hutoka kukitafuta magharibi na usiku. Mvuvi wa mshipi hutia nanga pembeni mwa mwamba, pale matumbawe yanapokutana na mchanga, akashusha ndoana yenye kipande cha ngisi, pweza au dagaa, na chubwi ya kuizamisha. Mahali penyewe hupajua kwa kulinganisha alama za nchi kavu: mnara wa msikiti ukikaa sawa na mnazi fulani, na ncha ya kisiwa ikikutana na kilima upande wa pili, basi hapo ndipo. Hiyo ni elimu ambayo baba humrithisha mwanawe.

Wakati wa kusi elimu hiyo huongezewa masharti. Mvuvi hutafuta upande uliokingwa na upepo, kama vile magharibi ya Unguja, Pemba na Mafia, au nyuma ya mwamba unaovunja mawimbi. Hungoja siku za maji mafu, kwa sababu wakati wa bamvu mkondo huuchukua mshipi na chambo hakifiki chini. Hutoka mapema na kurudi mapema, kwani mara nyingi upepo huzidi nguvu kadiri jua linavyopanda.

Utulivu unaodanganya

Hapa pana hatari ambayo vijana wengi hawaitambui. Katika upande uliokingwa maji ya karibu na ufukwe hulala kama ya kisimani, lakini upepo huo hutoka nchi kavu kuelekea baharini. Kwenda ni rahisi, kurudi ni kupambana na upepo. Chombo kilichovunjika mlingoti au kilichozimika mashine husukumwa nje, na kila dakika ipitayo mawimbi huwa makubwa zaidi.

Kwa hiyo kabla ya kutoka ni wajibu kusikiliza tahadhari za upepo mkali na mawimbi makubwa zinazotolewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa. Ni wajibu pia kuchukua makasia, chombo cha kukumbia maji, nanga yenye kamba ndefu na jaketi la kuokolea maisha kwa kila mtu, na simu iliyofungwa ndani ya mfuko usioingiza maji. Zaidi ya yote, mtu mmoja nyumbani aambiwe mvuvi anakwenda mwamba gani na atarudi saa ngapi. Mwenyezi Mungu ametukataza kujitia wenyewe katika maangamizo, kama tusomavyo katika Suratul-Baqara, aya ya 195. Kumtegemea Yeye hakumwondolei mtu wajibu wa kuikagua kamba ya nanga.

Wavuvi huuliza pia kuhusu sala. Kwa madhehebu ya Shafii, ambayo wengi wetu pwani huyafuata, anayevua karibu na kwao na kurudi siku ile ile hahesabiwi msafiri, hivyo hapunguzi sala. Lakini chombo kikiyumba hata akachelea kuanguka, husali kwa kukaa. Kibla chetu kiko kaskazini, na mvuvi wa kusi aweza kukikisia hata bila ya dira, kwa upepo unaompiga mgongoni upande wa kulia.

Amana ya mikokoni

Bahari ya nje inapofungika, macho yote hugeukia maji ya ndani, kwenye mikoko na nyasi za bahari. Huko ndiko wanakolelewa changu wengi wakiwa wadogo kabla ya kuhamia miambani. Kokoro likikokotwa hapo, au nyavu za matundu madogo zikitandwa, huzoa samaki wa urefu wa kidole ambao wangekuwa kitoweo cha miaka ijayo. Baruti ni balaa zaidi, maana huvunja na nyumba yenyewe ya samaki. Sheria ya Uvuvi ya Tanzania ya mwaka 2003 imeikataza. Na tukumbuke kwamba baadhi ya wale changu wekundu huishi miongo kadhaa na huchelewa kuzaa.

Mvuvi wa mshipi ana nafasi nzuri ya kuilinda amana hii. Ndoana kubwa humwacha samaki mchanga apite. Akinaswa katika maji mafupi, ashikwe kwa mkono uliolowa na arudishwe upesi. Katika kilindi ni vigumu, kwa kuwa samaki anayepandishwa kutoka chini hufura kibofu chake cha hewa na hushindwa kuzama tena. Kwa hiyo dawa ni kuchagua ndoana kabla ya kuishusha. Sheria yetu imetufanyia wepesi, samaki ni halali bila ya kuchinjwa. Lakini wepesi huo si ruhusa ya kufanya israfu.

Sehemu ya familia

Yapo yanayotuhusu sisi tulio nchi kavu. Anayenunua fungu la vijichangu kwa sababu ni rahisi amempa mwenye kokoro sababu ya kurudi kesho. Nyumba zenye mvuvi zianze kujiandaa tangu kaskazi, wakati bahari imetulia na samaki ni wengi: kiasi kikaushwe kuwa ng'onda, na kiasi cha fedha kiwekwe akiba kila wiki, hata kama ni kidogo. Nasi wa kamati za misikiti tunaweza kutenga sehemu ya sadaka iwe mkopo usio na riba kwa familia za wavuvi katika miezi hii mitatu, urejeshwe upepo utakapogeuka. Mkopo wa gunia moja la unga waweza kumzuia mtu kutoka siku ambayo hakupaswa kutoka.

Na mke anayemwambia mumewe, "Leo upepo ni mkali, usitoke, tutakula muhogo kwa chumvi," asidhani kwamba amesema jambo dogo. Changu yuko mwambani, na maji mafu yatarudi baada ya siku chache.