Bei ndani ya anwani ya tovuti: Muuzaji ajihadhari

MTEJA anapoagiza bidhaa katika duka la intaneti, maelezo ya oda yake huweza kusafiri ndani ya anwani ya tovuti. Maneno yanayofuata alama ya kuuliza ndiyo mzigo wenyewe: jina la kipengele, alama ya sawasawa, kisha thamani yake. Vipengele hutenganishwa kwa alama ya &, kwa mfano: ?bidhaa=sukari&kilo=50&bei=150000.

Njia hii ni rahisi, lakini mteja anaiona anwani hiyo na anaweza kufuta 150000 akaandika 1500. Programu ikikubali tarakimu hiyo bila kuihakiki, hasara ni ya muuzaji.

Mwaka 2011, kwa mujibu wa magazeti ya Marekani, wezi waliingia katika tovuti ya wateja wa kadi wa Citigroup, kisha wakawa wakibadilisha namba za akaunti ndani ya anwani. Akaunti zaidi ya 360,000 ziliathirika.

Kwa hiyo, anwani ibebe namba ya bidhaa na kiasi tu. Bei itoke katika kumbukumbu za muuzaji mwenyewe, na kila anayefungua akaunti athibitishwe kuwa ndiye mwenyewe. Mwenye duka ahakikishe hayo kabla ya kumlipa fundi.