Profesa naye ni mwanafunzi: walimu wa iniversite wanapofundishana kupitia simu

Mu Kampemba, toka Bel-Air mpaka Bongonga, ni vigumu kupata avenyu ambayo haina mtoto wa iniversite ao wa enstiti. Wazazi wanajua bei ya silabusi. Wanajua pia ile hadithi ya profesa mgeni: wanafunzi wanamungojea miezi, siku anashuka toka muji mwingine somo la saa 45 linapita mu juma moja ao mawili, asubuhi mpaka jioni, watu wanaandika mpaka vidole vinauma. Halafu profesa anapanda gari, anaenda kufanya vile vile Kolwezi ao Kalemie.

Kuna swali ambalo watu wanauliza mara chache: huyu profesa, yeye nani alimufundisha kufundisha?

Jibu linashangaza kidogo. Mwalimu wa shule ya musingi alisoma pedagojia. Mwalimu wa sekondari, kwa kawaida alipita ku ISP. Lakini mwalimu wa iniversite anapewa kazi ju ya masomo yake mwenyewe: alifaulu vizuri, akabakishwa asistanti, akaandika teze, akapanda. Teze inaonyesha kama anajua mambo ya mawe, ya sheria ao ya magonjwa. Haionyeshi kama anaweza kuyaeleza mbele ya watu mia tano na maikro inayokatika. Wengi wanafundisha vile wao walivyofundishwa, na yule aliyewafundisha naye alifanya vile vile.

Hapo ndipo inaingia njia ambayo imekuwa ikikua mu Afrika kwa zaidi ya miaka ishirini: walimu wa vyuo mbalimbali, wa inchi mbalimbali, kufanya kazi na kusoma pamoja kupitia intaneti.

Si kuangalia video

Mutu akisikia masomo ya intaneti anafikiri video. Mmoja anaongea, elfu wanaangalia, mwisho wanapata cheti. Ile ni odituwari tu, imeingizwa mu simu. Kusoma kwa pamoja ni kitu kingine. Linda Harasim, mtafiti wa Canada aliyeanza kufundisha kwa njia ya kompyuta tangu miaka ya 1980, aliigawanya kazi hiyo mu hatua tatu. Kwanza kila mutu anatoa mawazo yake, hata yakipingana. Pili wanayapanga: lipi linafanana na lipi, lipi linaanguka ukilipima. Tatu wanafika pahali pamoja, wanatengeneza kitu ambacho hakuna mmoja wao angekitengeneza peke yake.

Tuwaze walimu watano: mmoja wa Lubumbashi, mmoja wa Lusaka, wawili wa Tanzania, mmoja wa Uganda. Wote wako na shida moja. Promosio ya kwanza imejaa, kusahihisha kazi za mkono za watu 600 hakuwezekani, basi wanatoa ekzame moja tu na mambo yanaisha. Juma la kwanza kila mmoja anaeleza vile anafanya kwake. Wa Lusaka anasema anagawa wanafunzi mu vikundi vya watu kumi. Wa Lubumbashi anakataa: kwake vikundi vinamaanisha mutu mmoja anafanya kazi, tisa wanaandika majina. Wa Uganda anauliza: na kama hakuna anayejua mapema nani ataitwa mbele kueleza kazi ya kikundi? Hapo ndipo mazungumzo yameanza kweli. Juma la tatu wako na karatasi moja ya pamoja: namna ya kugawa, namna ya kupima, makosa ya kuepuka. Juma la sita kila mmoja amejaribu kwake, na anarudi kusema nini kilimushinda.

Ile kurudi kusema nini kilikushinda ndiyo kiini cha mambo. Mbele ya wanafunzi wake, profesa hawezi kusema "sikufaulu". Mbele ya dekano ni vigumu pia. Mbele ya mwenzake wa Dodoma, ambaye hatamukuta ku korido kesho asubuhi, inakuwa rahisi zaidi.

Mwalimu mwingine anayejulikana kwa mambo haya, Gilly Salmon wa Uingereza, aliandika mu kitabu chake cha mwaka 2000 kwamba kikundi cha intaneti kinapanda ngazi tano. Ya kwanza ni kuweza kuingia na kuwa na hamu. Ya pili ni watu kujuana. Kupeana habari na kujenga maarifa vinakuja nyuma tu. Ilibidi kitabu kiandikwe ili watu wakubali kwamba salamu zinatangulia kazi! Huku kwetu hata kwenda kuomba chumvi kwa jirani unaanza na kuuliza habari ya nyumba.

Kazi ambayo tayari ilifanyika

Mfano mukubwa ni wa Iniversite Virtuali ya Afrika. Ilianza mwaka 1997 kama mradi wa Benki ya Dunia, mwaka 2002 makao yake yakahamia Nairobi. Baadaye serikali nyingi za Afrika zilitia sahihi ku mukataba wake, Kongo pia. Mwanzoni ilikuwa inarusha masomo kwa satelaiti kutoka Marekani na Ulaya. Walimu wa Afrika walikaa kuangalia ao kusaidia, na si wote waliopenda.

Kisha mambo yakageuka. Kwa feza za Benki ya Maendeleo ya Afrika, walimu wa inchi 10, kati yao Tanzania, Kenya, Uganda na Zambia, waliombwa waandike wenyewe masomo ya kutayarisha walimu wa sekondari: hesabu, fizika, kemia, biolojia, kompyuta na pedagojia. Waandishi na wasomaji wa kusahihisha walikuwa 146, na moduli zilizotoka ni 73. Kila moduli ikatolewa kwa Kiingereza, Kifaransa na Kireno, jumla 219, na zikawekwa wazi, mutu yeyote azichukue bure na kuzibadilisha kulingana na darasa lake. Jambo la kuona hapa ni lile la kusahihishana. Mwalimu aliyezoea silabusi yake isisomwe na mutu mwingine isipokuwa mwanafunzi wake, safari hii aliisomesha kwa mwalimu mwenzake, naye akaiwekea alama nyekundu.

Mfano wa karibuni zaidi ni wa kati ya 2018 na 2021. Vyuo vinne, Mzumbe na Dodoma mu Tanzania, Gulu na Uganda Martyrs mu Uganda, viliingia mu mradi uliojulikana kwa herufi TESCEA, pamoja na chama cha Kenya kinachosaidia walimu wa vyuo, AFELT, na shirika la Uingereza INASP. Walimu walichukua masomo yao ya zamani na kuyaanza upya kwa swali moja: mwanafunzi akimaliza, atakuwa anaweza kufanya nini? Hawakuuliza "nitafunika sura ngapi". Wale waliomaliza mafunzo wakawa wanafundisha wenzao wa chuo chao. Mwaka 2020 Korona ilipofunga mipaka, sehemu ya mafunzo yale ikahamia ku intaneti.

Lubumbashi mwaka ule watu wanaukumbuka kwa namna yao: Machi 23 muji ulifungwa saa 48, na vyuo vya inchi nzima vilikuwa vimefungwa toka juma lililotangulia, vikaja kufunguliwa Agosti. Kwa wanafunzi wengi miezi ile ilikuwa ya kungoja tu. Kuna walimu waliotuma PDF ku WhatsApp. Kutuma PDF si kufundisha, lakini haikuwa haki kuwalaumu: hakuna aliyewahi kuwaonyesha kitu kingine.

Zamani wenzako walikuwa ku korido moja

Iniversite ya Lubumbashi ilianza kama chuo cha inchi zaidi ya moja. Ilipofunguliwa mu Elisabethville katikati ya miaka ya 1950, jina lake lilikuwa Iniversite ya Serikali ya Kongo ya Wabelgiji na Ruanda-Urundi. Mwaka 1971 vyuo vikuu vya inchi viliunganishwa kuwa kimoja, UNAZA, na masomo yakagawanywa kwa miji: fakilte ya barua na lugha ikawa Lubumbashi, sheria na uganga Kinshasa, saikolojia na pedagojia Kisangani. Mpango ule ulikuwa wa siasa, na ulihamisha watu wengi bila kuwauliza. Lakini ulikuwa na faida moja: wote waliofundisha somo fulani mu inchi nzima walikuwa ku kampasi moja. Ukikwama, unabisha mulango wa pili.

Mwaka 1981 UNAZA ikavunjwa. Toka pale vyuo vimeongezeka, mpaka miji midogo. Ni jambo zuri kwa mzazi ambaye hawezi kutuma mtoto mbali. Kwa mwalimu, lakini, maana yake mara nyingi ni kubaki peke yake na somo lake. Hana wa kubishia mulango.

Sasa mulango uko upande mwingine pia. Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na Jumuiya iko na baraza la vyuo vikuu mu Kampala. Tangu mwaka wa masomo 2021-2022 vyuo vyote vya Kongo viliambiwa kufuata LMD: licence ya miaka mitatu, kredi 180, na kazi ya mwanafunzi mwenyewe inahesabiwa. Mwalimu aliyezoea kusoma silabusi kwa sauti ana kazi mpya kabisa ya kujifunza, na wenzake wa Dodoma na Gulu wamekwisha kuipitia.

Lugha inasaidia na inasumbua. Karatasi za Lubumbashi ni za Kifaransa, za Lusaka na Dodoma ni za Kiingereza. Lakini mwalimu wa Katanga na wa Mzumbe wakitumiana vokali kwa Kiswahili wanasikilizana, hata kama wa Mzumbe atacheka kidogo akisikia "njo vile". Saa pia ni ya kuangalia. Mkutano wa saa 14 ya Lubumbashi ni saa 15 ku Dodoma, na ni saa 13 ku Kinshasa. Lusaka tu ndiyo wako na saa moja na sisi. Vikundi vingi vinapoteza watu mu juma la kwanza ju ya hilo tu.

Mega, umeme, na feza ya silabusi

Asistanti anayeishi Kampemba anajua shida ya kwanza: delestaji. Umeme unaenda bila kuaga, unarudi usiku. Ya pili ni mega. Mkutano wa video wa saa moja unakula mamia ya mega, na wa kulipa ni yeye. Ndiyo sababu vikundi vinavyodumu havitegemei video. Vinatumia maandishi na vokali fupi, kila mutu anajibu saa anapopata umeme, na wanajipa siku tatu ao nne kwa swali moja. Video inabaki kwa siku ya kufungua na ya kufunga.

Shida ya tatu hairekebishwi na batri. Mwalimu anapanda daraja kwa makala alizochapisha. Miezi miwili ya kutengeneza somo na wenzake wa inchi tatu haimupandishi hata kidogo. Asistanti mwenye akili anayehesabu saa zake atachagua makala, na hakuna wa kumulaumu. Mpaka vyuo vikubali kuhesabu kazi hiyo, watakaoifanya ni wale wenye moyo tu, na wenye moyo wanachoka.

Ya nne watu wanaisema kwa sauti ya chini. Silabusi ni feza. Kwa mshahara ulivyo, kwa walimu wengine ile feza ndiyo inalipa nyumba. Moduli ikiwa wazi ku intaneti, mwanafunzi wa Bongonga anaiweka mu simu bure, na hiyo feza inaisha. Mzazi atafurahi, mwalimu atauliza atalipwa na nani. Ni swali la haki, na wanaofadhili miradi ya namna hii wanalipita haraka sana.

Mwanafunzi mwenyewe atajua mabadiliko bila kuambiwa. Profesa aliyepita mu kikundi cha namna ile anaingia odituwari, anauliza swali, anangoja. Hasomi. Anawapa dakika tano waongee wawili wawili, halafu anamuita mmoja wa nyuma kabisa, yule aliyesimama ku mulango, aeleze.