Nembo za vikosi: Fahari ya rangi na hatari yake vitani

KWA mwanajeshi aliye vitani, kipande cha kitambaa kinachotoshea kiganjani kinaweza kuwa suala la uhai na mauti. Kipande hicho ni nembo ya kikosi, ile inayoshonwa begani mwa sare ili kuonyesha kwamba anayeivaa ni wa divisheni fulani au brigedi fulani. Ikiwa na rangi zake zote, nembo humtambulisha mwanajeshi kwa wenzake na kumpa fahari. Hata hivyo, rangi hizo hizo zaweza kumfichua kwa adui aliyejibanza kichakani, bunduki mkononi.

Ndiyo maana majeshi kadhaa ulimwenguni yana nembo za aina mbili. Ya kwanza ni ile ya rangi kamili, inayovaliwa katika gwaride na sherehe. Ya pili ni ile iliyofifishwa, yaani iliyodariziwa kwa nyuzi nyeusi, za kijani au za kahawia, ili isitofautiane na sare ya mapambano. Mfano ulio wazi zaidi wa safari kutoka aina ya kwanza hadi ya pili ni jeshi la Marekani, na mahali ambapo safari hiyo iligharimu damu ni Vietnam.

Chimbuko la nembo hizi halikuwa urembo. Uwanja wa vita hujaa moshi, vumbi na kelele, na kamanda asiyeweza kuwatambua watu wake hawezi kuwaongoza. Katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, mnamo 1862, Jenerali Philip Kearny wa upande wa Kaskazini aliwaamuru maafisa wake wavae kipande cha kitambaa chekundu kofiani. Mwaka uliofuata, Jenerali Joseph Hooker aliupanua utaratibu huo katika Jeshi lote la Potomac. Kila kikosi kikuu kilipewa umbo lake, na divisheni zikatofautishwa kwa rangi nyekundu, nyeupe na samawati.

Nembo ya begani yenyewe iliingia katika jeshi hilo wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia. Mnamo 1918, wanajeshi wa Divisheni ya 81 walienda Ufaransa wakiwa na picha ya paka-mwitu begani. Jambo hilo lilizua maswali, kwani vikosi vingine havikuwa na alama kama hiyo. Jenerali John Pershing, aliyeongoza majeshi ya Marekani barani Ulaya, aliiidhinisha nembo hiyo Oktoba mwaka huo, na divisheni nyingine zikatakiwa kubuni zao.

Tangu hapo, nembo ikawa zaidi ya alama ya kutambuana. Ikawa jina, ukoo na kumbukumbu. Hata watu wa Afrika Mashariki waliupitia mkondo huo. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyopigana Burma dhidi ya Wajapani mnamo 1944, ilikuwa na nembo ya kichwa cha kifaru, yule mnyama wa mwituni. Ndani yake mlikuwa na askari wa KAR kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland, watu wa lugha na makabila mbalimbali. Waliposonga mbele katika Bonde la Kabaw, penye mvua na malaria, na kuvuka Mto Chindwin Desemba mwaka huo, kifaru kilikuwa alama ya pamoja ya watu ambao hawakuwa na taifa moja.

Turudi kwa Wamarekani. Nembo inayoeleza vyema utata wa rangi ni ile ya Divisheni ya Kwanza ya Wapanda Farasi. Ilibuniwa mnamo 1921 na mke wa afisa wa kikosi hicho, Kanali Ben Dorcy, akisaidiana na mumewe. Ni ngao kubwa ya manjano yenye mstari mweusi wa kukingama na kichwa cheusi cha farasi. Urefu wake ni takriban sentimita 13, na hivyo ni miongoni mwa nembo kubwa zaidi katika jeshi hilo. Ukubwa huo haukuwa wa bahati. Ilitakikana nembo ambayo mpanda farasi angeiona kutoka mbali, hata katikati ya vumbi, ili ajue pa kukusanyika na wenzake.

Miaka 44 baadaye, divisheni hiyo ilipelekwa Vietnam. Farasi walikuwa wameshaondoka zamani na mahali pao pamechukuliwa na helikopta, lakini ngao ya manjano ilikuwa bado begani. Kikosi hicho kilipigana vita vikali katika Bonde la Ia Drang Novemba 1965. Kitu kilichotengenezwa ili kionekane kutoka mbali sasa kilikuwa kimepelekwa mahali ambapo kuonekana ndiko kulikokuwa hatari.

Nembo ya kikosi haikuwa peke yake. Sare ya kazi ya mwanajeshi wa Marekani wakati huo ilikuwa ya kijani, lakini ilibeba vitu vingi vya kuvutia macho. Juu ya mfuko mmoja wa kifuani palikuwa na utepe mweupe wenye jina lake, na juu ya mwingine utepe mweusi wenye jina la jeshi kwa herufi za rangi ya dhahabu. Sajini alikuwa na tepe za manjano mkononi, na luteni alikuwa na alama ya kumetameta kwenye ukosi.

Alama za vyeo zilileta hatari ya aina yake. Mdunguaji stadi hapotezi risasi kwa yeyote anayepita mbele yake. Humtafuta kiongozi, kwa kuwa akimwangusha afisa au sajini, kikosi kizima huweza kuyumba hadi mwingine ashike uongozi. Kwa hivyo, dhahabu ya ukosini ilikuwa kama kidole kinachomwonyesha adui mtu wa kulengwa kwanza. Baadhi ya wanajeshi hawakusubiri amri kutoka makao makuu. Walizitoa tepe hizo au wakazipaka weusi.

Katika nusu ya pili ya miaka ya 1960, jeshi lilianza kubadilisha mavazi hayo rasmi. Utepe mweupe wa jina uligeuzwa kuwa wa kijani wenye herufi nyeusi. Tepe za vyeo na alama za ukosini zikapoteza mng'ao. Ilibidi hata ibuniwe njia ya kutofautisha vyeo vilivyokuwa vikitambulika kwa madini, ambapo dhahabu ya luteni wa daraja la chini na ya meja ikawa kahawia, na fedha ya luteni wa daraja la juu ikawa nyeusi. Nembo za begani nazo zikashonwa upya kwa uzi mweusi na wa kijani. Ngao ya wapanda farasi ikabaki na umbo lake na farasi wake mweusi, lakini manjano yake yakatoweka.

Mabadiliko hayo hayakufanyika kwa siku moja. Nembo mpya zilichelewa kufika, na nyingine zilidariziwa na mafundi Wavietnam waliokuwa na vibanda karibu na kambi, kila mmoja kwa mkono wake. Kwa muda mrefu, katika kikosi kimoja, mwanajeshi mmoja aliweza kuonekana na nembo ya rangi kamili, mwenzake ana iliyofifishwa, na wa tatu hana kabisa.

Kunao pia waliokataa kuiacha rangi. Wanaojulikana zaidi ni wa Divisheni ya 101, kikosi cha miavuli ambacho nembo yake ni kichwa cheupe cha tai mwenye mdomo wa manjano na ulimi mwekundu, juu ya ngao nyeusi. Brigedi yao ya kwanza ilifika Vietnam Julai 1965, na wengi wao waliendelea kumvaa tai wa rangi hata baada ya vikosi vingine kubadilisha.

Je, huo ulikuwa ukaidi mtupu? Si rahisi kusema hivyo. Tai huyo alikuwa amevaliwa Normandy mnamo Juni 1944 na katika mji wa Bastogne Desemba mwaka huo, pale ambapo divisheni hiyo ilizingirwa na Wajerumani na ikakataa kusalimu amri. Kijana aliyeingia kikosini miaka ishirini baadaye alikuwa akirithi jina hilo pamoja na nembo. Mtu anayejiona mrithi wa mashujaa huona haya kukimbia, na makamanda wa miaka yote wamelijua hilo. Isitoshe, walioitetea rangi waliweza kusema kwamba msituni mapigano mengi yalitokea kwa karibu sana, kwa kuvizia na kwa mitego, na kwamba begani nembo mara nyingi hufunikwa na mikanda ya mzigo au kupakwa tope.

Upande wa pili nao una hoja isiyopuuzika. Mwanajeshi anayevizia usiku kucha kando ya njia hana haja ya doa jeupe au la manjano begani linalotikisika kila anaposogea. Ari ya kikosi ni silaha, lakini haizuii risasi. Wahenga walisema mshika mbili moja humponyoka, na nembo ilikuwa imeshikishwa mbili: ionekane na rafiki, isionekane na adui.

Mjadala huu huchanganya mambo mawili ambayo yafaa yatenganishwe. Jambo la kwanza ni kumficha mtu. Jambo la pili ni kuficha kikosi. Kufifisha rangi hutatua la kwanza tu. Farasi mweusi juu ya kijani ni farasi yule yule, na adui anayemkamata mateka, anayepekua maiti au anayetazama picha gazetini atamtambua bila taabu. Akishajua divisheni iliyo mbele yake, ataweza kukisia idadi ya watu wake, silaha zake na pengine hata nia ya majenerali wake.

Kwa hilo dawa ni moja, nayo ni kuiondoa nembo kabisa. Ndivyo Wamarekani walivyofanya mara kadhaa katika Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, ambapo vikosi viliagizwa kuzitoa nembo kabla ya safari za siri, na wakaguzi wa habari wakazifuta katika picha zilizopigwa vitani.

Kuna waliokwenda mbali zaidi na kuigeuza nembo kuwa mtego. Kikosi kimoja cha siri cha Marekani chenye watu wapatao 1,100, ambacho baadaye kiliitwa Jeshi la Mizimu, kilitumwa Ulaya mnamo 1944 kuwahadaa Wajerumani. Kilikuwa na vifaru vya mpira vya kujazwa hewa na vipaza sauti vya kuiga milio ya magari. Watu wake walishona nembo za divisheni nyingine mabegani, wakaingia mijini na kwenye vilabu vya pombe ili majasusi wawaone na kupeleka habari za uongo. Septemba mwaka huo, karibu na Bettembourg nchini Luxembourg, walijifanya Divisheni ya 6 ya vifaru ili kuziba pengo katika mstari wa vita. Hadaa hiyo ilifaulu kwa sababu adui alikuwa amezoea kuziamini nembo. Waliosalia hai walituzwa nishani ya dhahabu ya Bunge la Marekani mnamo Machi 2024.

Tangu Vietnam, rangi iliyofifishwa imekuwa kanuni katika sare ya mapambano ya jeshi hilo. Sare ya mabaka iliyoanza kutolewa mnamo 2015 hubeba nembo za kahawia, kijani na nyeusi, ambazo hazishonwi bali hubandikwa kwa kitambaa chenye vikulabu vidogo, hivyo kamanda akitaka zitolewe, hutolewa kwa sekunde moja. Nembo ya kikosi anachotumikia mwanajeshi sasa hukaa bega la kushoto. Ile ya kikosi alichopigana nacho vitani huruhusiwa bega la kulia.

Hata hivyo, haja iliyomsukuma Jenerali Kearny kukata kitambaa chekundu haijafa. Katika vita vya Ukraine vilivyopamba moto tangu 2022, pande mbili zenye sare na silaha zinazofanana zimelazimika kujifunga tepe za rangi mikononi na miguuni, manjano, samawati au kijani kwa Waukraine, nyeupe au nyekundu kwa Warusi, ili watu wasiuane wao kwa wao. Mwanajeshi mwenye sare ya mabaka inayomfanya afanane na majani bado hulazimika kufunga utepe unaong'aa, kwa kuwa risasi ya rafiki huua sawa na ya adui.

Nazo nembo za rangi kamili hazikuzikwa. Marekani ilipoleta sare mpya ya kijani ya ofisini na sherehe kuanzia 2020, iliyoigwa kutoka ile ya Vita Vikuu vya Pili, nembo za begani zilirudi na rangi zake zote. Ngao ya wapanda farasi ina manjano yake tena, na tai wa 101 ana ulimi wake mwekundu. Huvaliwa mjini, kwenye gwaride, na katika mazishi ya wenzao.