Mbwa Mzee Anapougua: Namna ya Kumtunza Hadi Mwisho

Wengi wetu tunafuga mbwa ili alinde boma. Akiwa na nguvu tunamsifu. Lakini akizeeka, meno yakianza kung'oka na masikio yakiziba, utasikia watu wakisema, "Huyu kazi yake imeisha." Wengine humtia ndani ya gunia wakamtupa soko la mbali. Wengine humwekea sumu. Je, hakuna njia nyingine? Iko, na mtu wa kawaida anaweza kuifuata.

Sisi tulijifunza njia hii mwaka wa 2022, huku kwetu Ngong. Jirani alihama akamwacha mbwa wake getini. Jina lake Simba, umri kama miaka kumi na moja. Tulipiga simu kwa kituo kimoja cha kuokoa wanyama tukaambiwa nafasi zimejaa. Wakatuomba tumlee kwa muda, mpaka apatikane mtu wa kumchukua kabisa. Huo muda ukawa miezi saba, na mtu hakupatikana. Mambo mengine tuliyafanya vizuri. Mengine tulikosea, na tutayasema hapa ili wewe usikosee.

KUMLEA KWA MUDA NI KUFANYA NINI?

Ni kumpa mbwa aliyeokolewa mahali pa kukaa, chakula na uangalizi, ingawa si wako. Vituo kama kile cha chama cha KSPCA, Nairobi, hupokea wanyama walioachwa na walioumizwa, lakini nafasi huwa haitoshi. Mbwa mzee ndiye huchukuliwa mwisho, kwa sababu kila mtu anataka mtoto wa mbwa. Kabla hujakubali, uliza mambo matatu: nani atalipa daktari, nani ataamua mambo yakiharibika, na kama mbwa amechanjwa.

WIKI YA KWANZA

Jambo la kwanza ni chanjo ya kichaa cha mbwa. Ugonjwa huu ukishaonyesha dalili kwa mtu, karibu kila mara ni kifo. Kenya ina mpango wa mwaka 2014 hadi 2030 wa kumaliza vifo vya watu vinavyoletwa na kichaa cha mbwa, na silaha kubwa ni kuchanja asilimia 70 ya mbwa. Kwa hivyo usimwingize mbwa mgeni katikati ya watoto kabla hujajua habari zake. Mfunge kando, umwangalie.

Mbwa akimuuma mtu, osha kidonda hapo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika kumi na tano, halafu nenda hospitali siku hiyo hiyo. Usingoje uone kama mbwa atakufa. Na ukiona mbwa mgonjwa anatokwa na mate na hawezi kumeza, usitie mkono mdomoni ukidhani amekwamwa na mfupa. Huenda ni kichaa. Mwite daktari wa mifugo.

Jambo la pili ni kupe, viroboto na minyoo. Kupe huleta magonjwa ya damu yanayomfanya mbwa adhoofike na ufizi uwe mweupe. Lakini usichukue dawa ya kuogeshea ng'ombe ukaikoroga kwa kukisia, kwa maana inaweza kumuua. Nunua ile ya mbwa na ufuate kipimo.

CHAKULA NA MALAZI

Mbwa mzee anakula kidogo kidogo. Mpe chakula laini mara mbili au tatu kwa siku: ugali mwepesi au wali uliochanganywa na nyama iliyopikwa bila chumvi. Usimpe mifupa iliyopikwa, huvunjika ikawa vipande vikali. Vitunguu pia humharibia damu.

Kuna mazoea mabaya ya kusema mahindi yaliyoota ukungu "ni ya mbwa." Tukumbuke mwaka wa 2004, watu 125 walikufa hapa Kenya, wengi wao Makueni na Kitui, kwa kula mahindi yenye sumu ya ukungu iitwayo aflatoksini. Sumu hiyo huharibu ini la mbwa vile vile.

Malazi yawe makavu. Sisi tuliweka gunia lililojazwa nyasi kavu juu ya mbao, ndani ya banda lisilopigwa na upepo. Mbwa asiyeweza kusimama mgeuze ubavu kila baada ya saa chache, la sivyo atapata vidonda. Akijikojolea, muoshe kwa maji ya uvuguvugu na umkaushe.

KOSA LETU

Mwezi wa tatu Simba alianza kuchechemea miguu ya nyuma. Asubuhi alilia akiinuka. Mtu mmoja akatuambia, "Si mumpe tu dawa ya maumivu, hata yeye ni mwili." Tukampa vidonge vya ibuprofeni vilivyobaki nyumbani. Siku mbili za kwanza tulifurahi. Siku ya nne alitapika vitu vyeusi kama majani ya chai, akakataa chakula.

Daktari wa mifugo alitueleza bila kutuficha: ibuprofeni hutoboa tumbo la mbwa na kuumiza figo. Parasetamoli nayo ni hatari kwake usipopewa kipimo na daktari. Ziko dawa za maumivu zilizotengenezewa mbwa. Tumbo la Simba lilipona. Lakini vipimo vya damu vilionyesha figo zimechoka. Tulimwuliza daktari kama ni sisi. Akasema figo huenda zilikuwa zimeanza kuharibika zamani, maana dalili hazionekani mpaka sehemu kubwa ya figo imeshakufa, ila vile vidonge havikusaidia. Jibu hilo tumekaa nalo mpaka leo.

FIGO ZIKICHOKA

Dalili ni hizi: mbwa anakunywa maji mengi kupita kawaida, anakojoa sana, anakonda, mdomo unanuka, anatapika. Figo za namna hii hazirudi kuwa nzima. Kinachowezekana ni kumrahisishia maisha. Maji safi yawe mbele yake mchana na usiku. Hata kama yanakufanya ufagie mkojo kila saa, usimnyime. Daktari anaweza kumpa dawa ya kuzuia kichefuchefu na kumwongezea maji kwa sindano chini ya ngozi.

Angalizo: kuna ugonjwa wa figo uitwao leptospirosisi, unaoenezwa kwa mkojo wa panya na wanyama wengine, na watu pia huupata. Muulize daktari kama ndio huo. Vaa glavu unaposafisha mkojo na unawe mikono kwa sabuni.

UTAJUAJE WAKATI UMEFIKA?

Hili ndilo swali gumu. Mbwa huficha maumivu. Hatalia kama mtoto. Daktari alitufundisha tutumie kalenda ya ukutani. Kila jioni tulijiuliza maswali matano:

1. Amekula mwenyewe?
2. Amekunywa bila kutapika?
3. Ameweza kusimama na kwenda haja?
4. Amelala bila kuhema wala kutetemeka?
5. Ametufurahia tulipokuja?

Majibu mengi yakiwa "ndiyo," tulichora duara. Yakiwa "hapana," tulichora msalaba. Misalaba ikizidi maduara kwa wiki nzima, wakati umekaribia. Kalenda inasaidia kwa sababu macho ya mtu anayependa hudanganya: mbwa akitikisa mkia mara moja unasahau siku tatu ambazo hakula.

Kwetu misalaba ilizidi, na bado tulingoja siku sita. Kijana wetu wa darasa la saba alituomba tumngoje afunge shule. Zile siku sita hazikuwa za Simba, zilikuwa zetu. Tungerudi nyuma, tusingengoja.

SINDANO YA MWISHO

Kazi hii ni ya daktari wa mifugo aliyesajiliwa. Si ya sumu ya panya, si ya rungu. Sumu huua kwa mateso marefu, na sheria ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360, inakataza kumtesa mnyama.

Kwa kawaida daktari humpa kwanza dawa ya kumtuliza. Halafu humdunga kwenye mshipa dawa ya usingizi iliyozidishwa kipimo. Mbwa hulala baada ya sekunde chache, na moyo husimama dakika chache baadaye. Usishtuke macho yakibaki wazi, au mwili ukitetemeka kidogo, au mkojo ukitoka. Wakati huo hahisi tena. Shika kichwa chake, ongea naye kwa sauti anayoijua. Sisi tulifanya hivyo, chini ya mwembe, kijana akiwa amemshika sikio.

BAADAYE

Zika siku hiyo hiyo, shimo la zaidi ya mita moja, mbali na kisima na mto. Hii si heshima tu. Ile dawa hubaki katika mzoga, na mbwa wengine au ndege tai wakiufukua na kuula wanaweza kufa. Weka mawe juu.

Watoto waambie ukweli. Usiseme "ametoroka" au "amelala." Mtoto akiambiwa mbwa amelala, ataogopa kulala. Sema amekufa, na kwamba daktari alimsaidia asiumie. Waachie nafasi ya kulia. Na wewe mzazi, ukilia kwa ajili ya mbwa, usione haya. Kuna watakaocheka. Waache wacheke.

Usimlete mbwa mwingine kesho yake ili kuziba pengo. Lakini ukiwa tayari, kumbuka wazee wenzake Simba wako kwenye vituo, wanangoja. Kwa ushauri, mwone afisa wa mifugo wa wadi yako, kwani tangu 2013 huduma hizi ziko chini ya serikali za kaunti. Muulize pia siku ya chanjo, uwaambie na majirani.

Ile kalenda bado iko ukutani jikoni kwetu.