Mwovu, Shujaa na Mhusika Mkuu: Istilahi za Mchezo Mmoja wa Kompyuta

Katika kazi ya istilahi, aghalabu neno huonekana limekwisha kutulia mpaka litokee jambo jipya la kulijaribu. Ndivyo ilivyo kwa maneno "shujaa" na "mwovu". Walimu wa fasihi huyatumia kila siku, na wafasiri huyaandika bila kusita. Lakini mfasiri akipewa mchezo wa kompyuta ambao mchezaji wake ndiye mwovu, na mashujaa ndio wanaokuja kumvamia, ataona mara moja kwamba maneno hayo yamebebeshwa mzigo usio wao. Makala haya yanakusudia kueleza mzigo huo, na kupendekeza namna ya kuutua.

1. Mchezo wenyewe

Mfano tuliouchagua ni Dungeon Keeper, mchezo uliotolewa mwaka 1997 na Bullfrog Productions, kampuni iliyokuwa Guildford, Uingereza. Aliyeongoza usanifu wake ni Peter Molyneux. Ni mchezo wa mikakati: kama ilivyo katika bao, anayeshinda ni yule apimaye mapema mali yake, nafasi yake na nia ya mpinzani wake.

Mchezaji hutazama kutoka juu eneo lililo chini ya ardhi. Vibwengo wake huchimba udongo na dhahabu, naye hujenga vyumba: malazi, banda la kuku wa chakula, hazina, chumba cha mafunzo, maktaba, gereza na chumba cha mateso. Mazimwi wa kila namna huvutwa na vyumba hivyo, wakaja kutumika. Hawa hula, hulala na hupokea mshahara siku ya malipo; wasipolipwa hukasirika, na hatimaye huondoka. Azembeaye hupigwa kofi na mkono wa mchezaji. Kisha huja mashujaa kutoka nchi ya juu. Wakifaulu kuuvunja moyo wa pango, mchezaji ameshindwa. Shujaa atekwaye akaachwa gerezani bila chakula hufa, akageuka kiunzi cha mifupa na kumtumikia yuleyule aliyemfunga.

2. Shujaa si mhusika mkuu

Katika madarasa mengi mwanafunzi akiulizwa "shujaa wa hadithi ni nani?" hujibu kwa kumtaja mhusika mkuu. Mazoea haya yana asili yake: katika ngano nyingi yule tunayemfuata tangu mwanzo hadi mwisho ndiye pia ashindaye zimwi. Hata hivyo maneno haya mawili hayana maana moja. "Mhusika mkuu" hutaja nafasi ya mtu katika kisa. "Shujaa" hutaja mwenendo wake. La kwanza huamuliwa na mpango wa kisa. La pili huamuliwa na hukumu yetu sisi tunaokisoma.

Katika Dungeon Keeper mambo haya mawili yametenganishwa waziwazi. Mhusika mkuu ni mwovu, na mashujaa ni wapinzani wake. Mfasiri atakayeandika "shujaa" kwa maana ya mhusika mkuu atajikuta ameandika kwamba shujaa anawatesa mashujaa, na msomaji hatajua nani anamtesa nani. Hasara hiyo haiishii katika mchezo. Mwanafunzi aliyezoezwa kumwita kila mhusika mkuu shujaa hana neno la kusema kwamba huyu aliyepewa kurasa nyingi kuliko wote ni dhalimu. Atamsifu kwa sababu tu amewekwa mbele. Tukitazama jinsi historia za watawala zinavyosomwa, tutaona kwamba kosa hili la istilahi ni kosa la fikra pia.

3. Kushika dhima ya mwovu

Tutamwelezaje basi mchezaji? Kusema "anaigiza mwovu" hakutoshi. Mwigizaji hufuata maneno aliyoandikiwa, lakini mchezaji huyu huamua mwenyewe nani alipwe, nani apigwe na nani afe njaa. Kusema "yeye ni mwovu" kunapita kiasi, maana akizima kompyuta huenda kula na wanawe. Tunaonelea "kushika dhima ya mwovu" kunafaa zaidi. Neno "dhima" lina maana ya nafasi aliyonayo mhusika, na papo hapo lina maana ya wajibu ulio juu ya mtu. Uovu ni wa mhusika. Uamuzi ni wa mchezaji. Neno moja limebeba yote mawili.

4. Pango, gereza au kuzimu?

Neno la kwanza la jina la mchezo huu limesafiri sana. Katika Kifaransa cha kale lilikuwa na maana ya mnara mkuu wa ngome. Lilipokaa katika Kiingereza likateremka chini, likawa shimo la kufungia watu. Michezo ya kubuni, hasa tangu Dungeons & Dragons ilipotolewa Marekani mwaka 1974, ikalipa maana ya tatu: mtandao wa vyumba vya chini wenye hazina na mazimwi.

Mfasiri akichagua "gereza", atalazimika kujenga gereza ndani ya gereza, kwa kuwa gereza ni chumba kimojawapo tu. Akichagua "kuzimu" au "jehanamu", ataingiza imani za watu katika jambo la mzaha. Kwa sababu hiyohiyo tumeepuka "shetani" na "jini", tukatumia "zimwi" na "kibwengo", ambao wamezoea kukaa katika hadithi. Tunapendekeza "pango", na kwa mwenye mamlaka, "mtawala wa pango". "Mwenye pango" hafai: msomaji wa mjini atadhani amekuja kudai kodi ya nyumba.

5. Mzaha mchungu

Liko jambo moja ambalo mfasiri asipolihifadhi, hata istilahi sahihi hazitamsaidia. Kichekesho cha mchezo huu hutokana na uovu kuzungumza kwa lugha ya ofisi. Mshahara, mafunzo, malazi na mateso hutajwa kwa sauti moja tulivu, kana kwamba ni vifungu vya bajeti moja. Kwa hiyo "chumba cha mateso" kiitwe hivyo tu, bila kuongezewa maneno ya kutisha. Kadhalika majina ya nchi zinazovamiwa, kama Eversmile na Nevergrim, yasiachwe katika Kiingereza, kwa sababu yamebuniwa ili yacheke: "Tabasamu Daima" na "Pasi Huzuni" ni nchi ambazo msomaji atajua mapema zitakavyokuwa.

Mzaha wa namna hii si mgeni kwetu. Waliosema "zimwi likujualo halikuli likakwisha" walijua kucheka huku wakitetemeka. Nasi tunaoandika nyaraka za ofisi tunayo sababu ya kuutafakari: neno tulivu laweza kufunika kitendo kibaya, na kazi ya istilahi ni kukiita kitendo kwa jina lake.

6. Mapendekezo

Kwa muhtasari, tunapendekeza: "mhusika mkuu" litaje nafasi tu, "shujaa" na "mwovu" yataje mwenendo tu, "mpinzani" litaje yeyote anayemkabili mhusika mkuu, awe mwema au mbaya, na "kushika dhima" litaje kazi ya mchezaji. Tunawaomba walimu na wafasiri wayajaribu maneno haya darasani na mezani, kisha watuletee maoni yao, hasa pale ambapo yatakuwa yamewashinda.