Una mawe makubwa uani? Soma hii kabla hujachimba bwawa la samaki

Ukichimba shimo Sanya Juu, wilayani Siha, usishangae sururu ikigonga jiwe kabla shimo halijafika kiunoni. Kilimanjaro ni volkano, na mawe meusi tunayoyaona mashambani ni lava iliyopoa zamani sana. Sasa unataka bwawa la perege nyuma ya nyumba. Mawe uyang'oe, au uyaache yapendezeshe bwawa?

Jibu fupi: nje ya maji, jiwe ni mali. Ndani ya maji ni mtihani. Ndani ya tuta, hapana kabisa.

Tuanze na tuta, maana hapo ndipo hela nyingi hupotea. Udongo haushikani na jiwe vizuri. Maji hutafuta upenyo pembeni ya jiwe, yanapita kidogo kidogo, yanabeba udongo, na upenyo unazidi kupanuka. Unajaza bwawa jioni, asubuhi limeshuka. Jiwe lililokatiza tuta litoe lote, kisha shimo lake lijaze udongo wa mfinyanzi wenye unyevu, tabaka kwa tabaka, ukishindilia kila tabaka. Kama ni kubwa kiasi kwamba mtaimbo na vijana wanne hawaliwezi, sogeza bwawa. Jiwe gumu la mviringo lenye upana wa mita 1 lina uzito wa takribani tani moja na nusu, kwa hiyo usione aibu kulishindwa.

Wengine hulichomea matairi ili lipasuke. Kwenye bwawa usifanye hivyo, kwa sababu mafuta na masizi ya tairi yataishia kwenye maji ya samaki.

Vipi mawe ya chini, ndani ya maji? Yanapendeza, lakini siku ya kuvuna utayachukia. Wavu unanasa, unachanika, na samaki wakubwa wanapita chini yake. Vifaranga nao wanajificha kwenye mianya. Perege huzaana haraka, na wote wakipona bwawa linajaa samaki wadogo wanaogombea chakula, hakuna anayefika saizi ya kikaango. Jiwe lile la mita 1 pia linakula nafasi ya lita 500 hivi za maji.

Kama bwawa ni la kuvua kwa ndoano tu na familia, mawe mawili matatu siyo tatizo. Yanawapa samaki pa kujificha mdiria na korongo wakija. Ila kama umetandika plastiki, weka magunia mazito chini ya kila jiwe, la sivyo litaitoboa.

Usitegemee mawe yapashe maji joto usiku wa Julai. Perege hukua vizuri maji yakiwa kati ya nyuzi 25 na 30, na hilo ni kazi ya jua. Afadhali ukate matawi yanayotia kivuli.

Mahali jiwe linapofanya kazi nzuri ni pale maji ya mfereji yanapoingilia. Weka jiwe bapa, maji yadondoke juu yake. Udongo hauchimbiki, na maji yakitawanyika yanabeba hewa zaidi. Ya kukalia yaweke hatua moja au mbili kutoka ukingoni, uyazike theluthi moja yasibiringike. Mianya iliyobaki izibe, maana kenge na nyoka wanaipenda sana. Na kama una watoto, sugua ukoga mara kwa mara. Jiwe lenye utelezi kando ya maji ya mita moja ni hatari.

Usiende kuokota mawe mtoni. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka mtoni, na bwawa lako lenyewe linahusika. Pima kwanza.