Uwanja wa Kushukia Askari wa Miavuli

Neno mwavuli katika Kiswahili ni jina la chombo cha kujikingia mvua na jua. Jina hilo hilo limepewa kitambaa kipana kinachomteremsha mtu kutoka katika ndege, kwa sababu ya umbo lake, na askari waliofunzwa kuruka nacho huitwa askari wa miavuli. Msomaji wa magazeti amekwisha kuyazoea maneno hayo. Lakini liko jambo moja katika kazi ya askari hao ambalo halitajwi sana, nalo mara nyingi ndilo linaloamua, kabla ya mtu ye yote kuruka, kama watashinda au watashindwa. Jambo hilo ni mahali pa kushukia. Katika makala haya mahali hapo pataitwa uwanja wa kushukia. Si uwanja wa ndege, maana ndege haitui hapo; ni kipande cha nchi kilichochaguliwa katika ramani, kikapimwa, kikapewa herufi au jina, kisha kikatiwa alama ili watu na mizigo waangukie hapo na si pengine.

Ukubwa na hali ya uwanja

Asiyeijua kazi hii hudhani ya kuwa uwanda wo wote ulio wazi wafaa. Sivyo. Jambo la kwanza litazamwalo ni urefu, na urefu hutokana na mwendo wa ndege. Ndege iendayo maili 150 kwa saa hupita futi 220 kila sekunde. Ikiwa ndani yake wamo askari ishirini, nao hutoka mlangoni mmoja baada ya mwingine kwa nafasi ya sekunde moja, basi tangu kutoka kwa wa kwanza hata kutoka kwa wa mwisho ndege itakuwa imekwenda futi 4,180, yaani karibu yadi 1,400. Askari hao watatapakaa ardhini kwa urefu huo huo. Uwanja wa yadi 700 ungewapokea nusu yao tu, na nusu ya pili ingeangukia msituni, au mtoni, au juu ya mapaa ya nyumba. Ndiyo sababu ndege hupitishwa kwa marefu ya uwanja, si kwa mapana yake. Na kama uwanja ni mfupi, hapana budi ndege izunguke na kurudi mara ya pili, wakati ambapo adui amekwisha amka na kuelekeza mizinga yake.

Jambo la pili ni upepo. Askari aliyeruka kutoka futi 800 hushuka kwa mwendo wa futi 20 hivi kila sekunde, kwa hiyo hukaa hewani kama sekunde 40. Upepo wa maili 10 kwa saa, ambao ardhini hautikisi ila majani na vitawi vidogo, humsukuma futi 15 hivi kila sekunde, na kwa sekunde hizo 40 humpeleka kando yadi 200. Basi ndege haiwaachi watu juu ya shabaha yenyewe, bali huwaachia upande utokako upepo, kama nahodha aujuaye mkondo anavyolielekeza dau lake juu ya bandari ili maji yamfikishe gatini. Tena upepo wa juu na wa chini si mmoja, kwa hiyo hupimwa mahali pote pawili. Ukizidi kiasi, kazi husimamishwa, maana mwavuli uliofika chini haulali mara moja: hujaa upepo kama tanga, na mtu aliyefungwa kwao huburutwa juu ya mawe mpaka ajifungue. Jeshi la Marekani, katika mazoezi ya kawaida, huwazuia watu kuruka upepo wa ardhini unapopita maili 15 hivi kwa saa.

Jambo la tatu ni vizuizi: miti mirefu, nyaya za umeme, miamba, mifereji na maji. Haya huchunguzwa katika picha zilizopigwa kutoka angani, lakini picha nayo huweza kudanganya. Kabla ya usiku wa kuamkia 6 Juni 1944, katika Normandy nchini Ufaransa, Wajerumani walikuwa wameyafurikisha mabonde ya mto Merderet. Majani yalikuwa yameota kupita juu ya maji, na katika picha mabonde yale yakaonekana kama malisho ya ng'ombe. Askari kadhaa wa Marekani walioangukia humo gizani walizama chini ya uzito wa zana zao.

Watangulizi na mkuu wa uwanja

Uwanja ukisha kuchaguliwa, hauna budi kuonekana. Kwa kazi hiyo hutumwa watangulizi, watu wachache wanaoruka mbele ya wenzao, pengine kwa nusu saa tu. Mchana hutandika vitambaa vya rangi kwa umbo la herufi na kuwasha moshi, ambao humwonyesha rubani mahali penyewe na upepo pia. Usiku huwasha taa. Katika Vita Kuu ya Pili walichukua vile vile chombo kidogo cha redio kilichoitwa Eureka. Chombo kingine ndani ya ndege, kilichoitwa Rebecca, kilipiga wito, Eureka ikaitika, na rubani akajua upande na umbali wa uwanja hata asipouona.

Hapo pia husimama mkuu wa uwanja. Yeye hupima upepo, husema na ndege kwa redio au kwa ishara, na anayo amri ya kuzuia. Akiona upepo umezidi, au watu wa kundi la kwanza hawajaondoka chini ya njia ya mizigo, huzima alama au hubadili ishara, na ndege hupita bila kumwacha mtu. Ni juu yake pia kuweka waganga mahali pajulikanapo, na kuonyesha kila kikosi pembe yake ya kukusanyikia. Jambo hili la mwisho si dogo. Askari aliyetua yu peke yake. Hawi sehemu ya jeshi mpaka amewaona wenzake.

Karibu au mbali

Hesabu zote hizo hujibu swali moja tu, nalo ni kama watu watafika chini salama. Liko swali la pili lililo gumu zaidi: wakisha kufika chini, wataifikia shabaha yao kwa muda gani? Maswali haya mawili mara nyingi hugombana.

Wajerumani walichagua ukaribu katika kisiwa cha Krete, tarehe 20 Mei 1941. Waliwashusha watu wao karibu na kiwanja cha ndege cha Maleme, na wengine wakaangukia katikati ya askari wa New Zealand. Bunduki zao zilikuwa zimeteremshwa katika makasha mbali nao, hata wengi wakauawa wakiwa bado wanayatafuta makasha hayo na mikononi hawana ila bastola. Kisiwa walikitwaa, lakini kwa hasara kubwa hata Hitler hakutaka tena kushambulia kwa miavuli kwa wingi kama ule.

Waingereza walichagua umbali katika Arnhem, nchini Uholanzi, mwezi wa Septemba 1944. Shabaha ilikuwa daraja la mto Rhine katikati ya mji. Wakuu wa ndege waliogopa mizinga ya karibu na daraja na ya kiwanja cha Deelen upande wa kaskazini, na nchi ya kusini ya daraja, yenye mifereji na udongo tepetepe, ikahukumiwa kuwa haifai kwa glaida, yaani ndege zisizo na injini zivutwazo na nyingine. Kwa hiyo viwanja vilichaguliwa magharibi ya mji, katika mbuga na mashamba makavu, kama maili sita hadi nane kutoka darajani.

Kwa kipimo cha swali la kwanza viwanja vile vilikuwa vizuri kabisa. Mchana wa 17 Septemba watangulizi waliteremka kutoka ndege 12 za Stirling, wakatandika alama zao, na jeshi likashuka kwa utaratibu ambao haujaonekana mara nyingi katika vita. Lakini Waswahili husema, fimbo ya mbali haiui nyoka. Katika safari ya kwenda mjini kwa miguu Wajerumani walipata muda wa kuziba njia. Kati ya batalioni tatu zilizotumwa ni moja tu, ya Luteni-Kanali John Frost, iliyofika darajani kwa wingi wa watu wake. Pamoja na wengine waliojiunga nayo, walikuwa watu 700 na kitu, nao waliushika upande wa kaskazini mpaka asubuhi ya tarehe 21.

Tena umbali ulidai kodi ya pili. Ndege hazikutosha kuwachukua watu wote kwa siku moja, kwa hiyo viwanja vilitakiwa kulindwa mpaka kundi la pili lifike. Brigedi nzima iliyoshuka kwa glaida ikabaki nyuma kuzilinda mbuga, wakati watu wa darajani walipokuwa wakihitaji kila bunduki. Siku ya pili ukungu wa Uingereza ulilichelewesha kundi hilo kwa saa nyingi, na waliposhuka katika mbuga ya Ginkel walikuta vita vikipiganwa juu ya uwanja wenyewe. Nao uwanja uliokuwa karibu na daraja, kusini ya mto, uliokataliwa kwa siku ya kwanza, ulikuwa umeandikiwa brigedi ya Wapolandi kwa siku ya tatu. Hawakuutumia, hali ya hewa iliwachelewesha mpaka tarehe 21, wakashushwa Driel, mahali pengine ng'ambo ya mto.

Usiku wa 25 kuamkia 26 Septemba waliosalia walivushwa mto kwa mashua. Jeshi lililokwenda lilikuwa la watu kama 10,000. Waliovuka walikuwa kama 2,400.

Mizigo

Uwanja wa mizigo una sheria yake. Mizigo haihitaji kuangushwa yote kwa mpito mmoja. Ndege yaweza kuzunguka mara nyingi na kusukuma vifurushi vichache kila ipitapo, hata uwanja mfupi ukatosha. Lakini sharti uwanja uwe mikononi mwa wenyewe. Katika Arnhem uwanja wa mizigo uliitwa kwa herufi V, nao ulipangwa kwa kudhani ya kuwa jeshi lingekuwa limekwisha ushika. Halikuushika. Redio za askari zilikuwa hazisikiki vema, na habari ya kubadili mahali haikuwafikia marubani kwa wakati. Tarehe 19 Septemba ndege zilikuja zikipigwa kwa mizinga, wala hazikuiacha njia yao. Rubani mmoja, David Lord, alipita mara mbili juu ya uwanja huku bawa la ndege yake likiwaka moto, ili amalize mzigo wake. Ndege ikaanguka, akafa pamoja na wenzake isipokuwa mmoja. Uingereza ilimpa nishani ya Victoria Cross baada ya kufa kwake. Mizigo mingi ya siku ile iliokotwa na Wajerumani.

Miezi ile ile, katika bonde la Kabaw nchini Burma, jambo hilo lilitendeka kwa namna nyingine. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ambamo walikuwamo askari wa King's African Rifles kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland, ilikuwa ikiwafukuza Wajapani kuelekea kusini wakati wa masika. Barabara iligeuka matope, magari yakazama, na Kiswahili cha makambini kikapata mazungumzo mapya ya chakula kitokacho mbinguni. Uwanja katika vita vya Burma ulikuwa mara nyingi shamba la mpunga lililoachwa, au uwazi uliofyekwa msituni. Mchele uliwekwa katika magunia mawili, moja ndani ya jingine, ukatupwa bila mwavuli; risasi na dawa zilishuka kwa miavuli. Hariri ilipoadimika, Jenerali William Slim alishonesha miavuli ya juti, nyuzi zile zile zifumwazo magunia. Gunia litupwalo kutoka angani laweza kumwua mtu, kwa hiyo kazi ya kwanza ya mlinzi wa uwanja ilikuwa kuwazuia wenye njaa wasikimbilie chakula kabla ya ndege kumaliza. Katikati ya Novemba divisheni ilifika Kalemyo, na mwanzoni mwa Desemba ikautwaa mji wa Kalewa kando ya mto Chindwin.

Bonde la Kabaw lilikuwa na mvua, milima na mawingu kuliko Uholanzi, na viwanja vyake kwa kipimo cha yadi na futi vilikuwa vibaya zaidi. Lakini vilifuata jeshi lilipokwenda, na chini yake walikuwapo watu walioweza kumwambia rubani: ni hapa. Katika Arnhem ramani ilikuwa imekwisha funga shauri siku saba kabla, na jeshi likatakiwa kuvifuata viwanja. Kwa hiyo maofisa wafundishwao kazi hii huanza hesabu yao darajani, si mbugani: huandika kwanza shabaha, na muda ambao adui atahitaji ili kuifikia, kisha hurudi nyuma kwa hatua za askari abebaye mzigo, na ndani ya duara hiyo ndimo hutafuta shamba lenye urefu wa kutosha. Wasipolipata, huwapasa kusema wazi ya kuwa kazi hiyo haifai kufanywa kwa miavuli.